Dirisha Lililotazama Ua wa Mwenye Eda

Mwanangu, kabla fundi hajakuvutia kamba ya msingi, nipe sikio. Nakumbuka siku moja hapahapa Kibiti, nilipokuwa na nguvu kama zako na akili pungufu kidogo ya yako, nilisimamishwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikakosa pa kuuficha uso.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa. Walimu wa bara walikuwa wakihamia kwetu na vyumba vya kupanga ni haba, nikaona niongeze viwili upande wa magharibi, ulikokuwa ua wa jirani yangu, Bi Somoe. Kwa kuogopa maji ya masika nilijaza kifusi, sakafu ikainuka. Kiwanja kilikuwa changu, matofali yangu, jasho langu. Nani angeniambia nini?

Halmashauri ilitaka sahihi za majirani. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu sisi wanaume, wala usidhani limekwisha. Nilikwenda barazani. Mume wa Bi Somoe alikuwa amefariki wiki mbili nyuma, mama wa watu yuko edani, na mwanaume hamwendei mwenye eda. Kwa hiyo nikamtafuta shemeji yake, anayeishi mtaa wa pili, tukanywa kahawa, akatia sahihi bila hata kuuliza ukuta utafika wapi. Nikajisifu kwamba nimetimiza heshima. Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza asiyehusika ni ujinga mtupu.

Unajua eda ilivyo. Miezi minne na siku kumi Bi Somoe hatoki nje, na dunia yake yote ilikuwa ule ua wa makuti. Humo alianika ukindu, humo alisuka ukili wa mikeka iliyowalisha wanawe. Ukuta wangu ulipofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, jua la asubuhi likakatika. Nilipoweka dirisha, kwa vile sakafu ilikuwa juu, likatazama ndani ya ua wake bila kizuizi. Mimi nilipita kifua mbele, nikiwaonyesha watu vyumba vyangu.

Binti yake akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mbonde. Mzee yule alikuwa mpole, ila upole wake ulikuwa na miiba. Akaja asubuhi na bwana ardhi wa halmashauri na wazee wawili. Bwana ardhi akasoma karatasi zangu moja moja, akasema ramani imepita na sahihi ipo, haoni tatizo. Nikatabasamu, nisikufiche. Mzee Mbonde hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Haya, baba, simama dirishani pako. Tuambie sote unachokiona."

Nikaenda kwa mbwembwe. "Naona makuti. Naona mtungi. Naona ukindu umeanikwa kivulini." Kisha nikaona nguo zake kambani, nikanyamaza. Nikamwona na Bi Somoe mwenyewe. Alikuwa amesikia sauti za wanaume, akajibanza pembeni ya choo, amejifunika kanga gubigubi, mkononi bado kashika ukili. Hakuwa na pengine pa kujificha, maana ua mzima haukuwa na mahali nisipopaona.

"Mbona kimya?" mzee akauliza.

"Siwezi kusema mbele za watu, mzee."

"Usiloweza kulisema mara moja, yeye avumilie kutazamwa kila siku? Mkuki kwa nguruwe, baba. Na wewe utakufa, na mkeo atakaa eda humu humu. Utapenda nani awe dirishani?"

Kutoka nyuma ya makuti Bi Somoe akasema, "Mie sina ugomvi na kijana wa watu, mwenyekiti. Ajenge, apate riziki. Ila ukindu wangu umeota ukungu, na mie pa kwenda sina."

Mwanangu, afadhali angenitukana. Machozi yalinitoka mbele ya wazee na sikuyafuta.

Bwana ardhi akazikunja zile karatasi. Akasema, kwa haki kabisa, kwamba naye amekosa: amepitisha sahihi bila kukanyaga kiwanja, na aliyetia sahihi haishi humo. Wakakubaliana palepale, nami nikiwemo. Ukuta ushuke kozi nne za matofali, paa limwage maji upande wangu, dirisha lizibwe lihamie kaskazini, na kule juu kabisa yaachwe matundu ya hewa tu.

Nilibomoa kwa mkono wangu. Vyumba vikawa vifupi, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walimu walipanga, tena walivisifu kwa ubaridi. Siku ya tatu baada ya kubomoa, binti yake Bi Somoe akaja mbio. "Mama anakusalimu. Anasema ukindu umekauka." Nimepata furaha nyingi maishani, ila chache zinaifikia hiyo.

Sasa wewe umenionyesha kwenye simu ghorofa yako, na ile veranda ya juu. Ni nzuri, sikukatazi. Mji unakua, watu lazima wajenge, na nimefurahi umekuja kabla msingi haujachimbwa. Mimi sikuwa na busara hiyo. Lakini usikimbilie sahihi. Mtume mkeo kwa majirani, akae uani na wenye ua, asubuhi na jioni. Aangalie jua linaingilia wapi, nguo zinaanikwa wapi, nani anaoga wapi. Akirudi, mwite fundi na bwana ardhi mbadilishe ramani ingali karatasi, kwani karatasi haigharimu jasho. Kibali cha halmashauri kitakuruhusu kujenga, lakini anayekuruhusu kuishi ni jirani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye nafasi na watoto wa kuijaza, na siku utakapohamia, mwanamke wa ua wa pili akae kichwa wazi juani, asiwe hata na habari kwamba una dirisha.