Mgeni Aliyeambiwa Mwenyeji Amesafiri

Nilikuwa Kajiado mjini, nimeketi hotelini mbele ya bakuli la supu, simu ilipoanza kutetemeka. Kundi la WhatsApp la kanisa moja la Kitengela, ambako mimi husali mara moja moja, lilikuwa limejaa picha za mishumaa na mikono ya kuomba. Mzee wetu mmoja wa kanisa alikuwa ameaga dunia. Kabla sijamaliza supu, tayari walikuwa wamemwita “baba wa ukarimu”, na mwingine akaandika kwamba mbinguni sasa wamepata mwenyeji. Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akanitazama. Najua wafu hawasemwi vibaya. Lakini wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua pia kwamba sioni sababu ya kumpa marehemu sifa ambayo alikuwa na maisha mazima ya kuitafuta na hakuitafuta.

Nilimfahamu vizuri. Alizaliwa katika familia ya wafugaji, akasoma, akapata kazi ya ofisi, na Kitengela ilipoanza kufurika watu akauza sehemu ya ardhi ya baba yake na kujenga nyumba kubwa kando ya barabara ya kwenda Kisaju. Nyumba ilikuwa na sebule mbili. Moja ilikuwa ya familia, viti vyake vimebonyea. Nyingine ilikuwa ya wageni, makochi yake yangali yamevishwa nailoni ya dukani, na watoto walikatazwa kutia mguu humo. Huko ndiko alikowapokea wachungaji, wakubwa wa serikali na watu wenye magari. Kila jioni aliwakusanya mkewe na watoto kwa maombi, na kifungu alichokipenda kuliko vyote ni kile cha Ibrahimu akiwakimbilia wageni watatu nje ya hema lake. Alikisoma kwa sauti nzuri, nzito. Mimi sikuwahi kumwona akimkimbilia mtu yeyote asiyekuwa na dereva.

Jumapili moja alitualika chakula cha mchana: mchungaji na mkewe, wazee wawili wa kanisa, na mimi, nadhani kwa sababu ninaandika gazetini. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mke wa mwenyeji na binti yao mkubwa walikuwa jikoni tangu watoke ibadani. Mwenyeji akasimama kuombea chakula, na ombi likageuka hotuba kuhusu familia ya Kikristo na meza iliyo wazi, hata mafuta yakaganda juu ya mchuzi. Alikuwa ndiyo kwanza aseme amina mlinzi alipochungulia mlangoni.

“Mzee, kuna mama mzee hapa kwa geti. Anasema ametoka Illasit na mnajuana.”

Mzee hata hakugeuza shingo. “Mwambie nimesafiri.”

Gari lake lilikuwa limeegeshwa pale pale mbele ya geti, limeoshwa likang’aa. Mlinzi akasita. Mke wa mzee, aliyekuwa akipitisha kachumbari, akaliweka bakuli mezani na kwenda getini. Alirudi amemshika mkono mama mmoja mzee, mwembamba, vumbi la safari limemjaa hadi kwenye nyusi, kifuko cha maharagwe kwapani. Akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, ubavuni mwa mchungaji.

Mwenyeji akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa. “Huyu,” akatuambia, “ni mmoja wa hawa wahitaji ambao Mungu ametuwezesha kuwasaidia.”

Yule mama akamtazama usoni. “Mimi siko na shida, mwanangu,” akasema. “Niko na shamba, niko na ng’ombe wa maziwa. Nilikuwa napita, nikasema wacha nikusalimie, niwaletee watoto maharagwe. Si wewe ndio ulikuwa unakaa kwangu ukitafuta kazi? Watoto wangu walikuwa wanalala chini ndio wewe ulale kwa kitanda.”

Mchungaji alitafuna polepole. Mke wa mchungaji akazisifu chapati. Mwenyeji akauliza kama kuna mtu anayetaka soda nyingine. Ndivyo ukweli unavyopokewa kwenye meza za watu wenye heshima: unapitishiwa soda. Mama wa watu akanywa maji, akamshukuru mwenye jiko, akasema gari la kurudi kwao kupitia Loitokitok litamwacha. Akaondoka bila kuonja ile nyama.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye kwa mke mwenyewe. Alimsihi mumewe waende Illasit kuomba msamaha. Alijibiwa kwamba mzee wa kanisa hawezi kwenda kupiga magoti katika shamba la vitunguu. Basi akaenda na watoto wote, bila yeye. Walipofika, yule mama aliwasha moto hata kabla hawajasema kilichowaleta. Mke akaanza kulia.

“Wacha kulia, chai itapoa,” mama akamwambia. “Maneno yangu ni na yeye. Chakula hakina kosa.”

Kuanzia hapo wakawa watu wa familia moja. Likizo watoto walikwenda kuvuna mahindi, wakarudi wamekonda kidogo na kuchangamka sana. Kiangazi kilipowaleta wafugaji na ng’ombe wao hadi mlangoni kwao Kitengela, mke aliwafungulia maji ya kisima, huku mumewe akilalamika kwamba samadi inachafua matofali yake ya kabro uani. Mama wa Illasit alipougua, mke na binti ndio waliomuuguza. Mzee hakukanyaga huko hata mara moja. Alikuwa na gari, alikuwa na afya, na barabara ni ya lami. Alichokosa ni uso wa kwenda nao. Mama alipozikwa, mzee alituma shada la maua lenye jina lake kwa herufi kubwa kuliko jina la marehemu.

Msidhani namdharau peke yake. Kitengela yetu imejaa nakala zake. Tumejenga kuta zinazoshinda za gereza, tukazitia nyaya za umeme, kisha juu ya geti tukaandika “Kristo ni kichwa cha nyumba hii” na chini yake “Mbwa mkali”. Wazee wetu wa nyanda hizi hawakuwa na sebule hata moja, lakini msafiri alipewa maziwa kwanza, akaulizwa jina baadaye. Sisi leo twataka mgeni apige simu, aeleze sababu, na ikiwezekana awe na cheo. Kisha tunapiga picha naye na kuziita ushuhuda.

Nilikwenda kumzika mzee. Kamati ya kanisa ilikuwa imesimamisha hema la wageni waheshimiwa, lenye viti vya vitambaa vyeupe na kuku, na ikavuta kamba kuwazuia wengine waliokaa juani wakingoja wali na kabichi. Mazishi yalipokwisha, binti mkubwa alikwenda akaifungua ile kamba kwa mikono yake.

“Madam, hii ni ya wageni wa baba,” mshereheshaji akamnong’oneza.

“Baba tumeshamzika,” akasema. “Waliobaki ni wageni wetu. Leteni hizo sufuria zote hapa, na wazee waliotoka mbali waanze.”

Mchungaji ilimbidi asogee. Mchungaji mmoja wa mifugo, miguu mitupu ndani ya viatu vya akala, akaketi karibu naye na kujipakulia kuku bila kuomba radhi kwa mtu. Mjane alikuwa akimtazama binti yake, na hiyo ndiyo mara ya pekee siku hiyo nilipomwona akitabasamu.

Mzazi mwenzangu unayenisoma, soma vifungu upendavyo, jioni zote. Mtoto hatakumbuka sauti yako ilivyokuwa nzuri. Atakumbuka ni nani katika nyumba ile aliyeinuka kwenye kiti chake, na siku akiwa na mji wake, huyo ndiye atakayemfuata.