Kifaa Tulichokichagua Wawili

Nilisomesha hesabu hapa mjini mpaka nikastaafu, na kisukari nilikuwa nacho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hakikunipofusha wala kunikata mguu. Kiliniondolea nguvu za kiume, taratibu, mpaka siku moja nikakiri moyoni kwamba zimekwisha.

Barazani kwetu Kikwajuni kila mtu ni tabibu. Supu ya pweza nilikunywa hadi muuzaji akawa ananijazia kikombe kabla sijamsalimu. Nikatafuna mizizi michungu. Vidonge vya hospitali vilinisaidia kwa muda, navyo vikashindwa. Nikahamia kulala ukumbini, nikisingizia joto.

Mke wangu ni mtu wa Makunduchi, si mzungushaji wa maneno. Alasiri moja alikuja akaketi mbele yangu.

"Bwana, umenichoka?"

"Astaghfirullahi! Nikuchoke vipi?"

"Basi sema lililopo. Mie nshachoka kukisia."

Nikamwambia: mwili hauitikii. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilidhani una mke mwengine Chwaka."

Tulicheka mpaka tukatokwa machozi, na wiki ile ile tukavuka bahari kwenda Dar es Salaam kumwona daktari wa njia ya mkojo.

Daktari alitutolea kifaa chenyewe mezani: mirija miwili laini ya kuingizwa ndani ya uume, kifuko cha maji cha kuwekwa tumboni, na pampu ndogo ya kukaa kwenye mfuko wa korodani. Ukiibonyeza, maji yanaingia kwenye mirija. Ukimaliza haja yako, unayarudisha. Nje hakionekani kitu. Mke wangu akakichukua, akakibonyeza mwenyewe, akakitazama kinavyosimama.

"Daktari, nikiuliza utanisamehe?"

"Uliza, mama."

"Akishatiwa hiki, atakuwa ananitaka mimi, au atakuwa anapiga pampu tu?"

Daktari hakucheka. "Kifaa kinasimamisha, mama. Hamu hakiileti wala hakiiondoi. Hiyo ni yake mwenyewe."

"Hamu haijanitoka hata siku moja," nikasema. Mke wangu, ambaye sijapata kumwona akiona haya, akainamisha uso.

Daktari alitueleza pia mabaya yake. Ukishapasuliwa hutarudi tena ulivyokuwa. Kidonda kikiingia vijidudu, kifaa chote huenda kikatolewa. Na sukari ikiwa juu hatari inazidi. Nikaiacha halua, nikaanza kunywa chai bila sukari, nikawa natembea kila baada ya sala ya alfajiri mpaka vipimo vikamridhisha. Sheikh wa msikiti wetu nilimuuliza faragha. Alijibu kwamba hiyo ni tiba, na mke ana haki yake.

Nilitaka kuwaambia watoto kwamba napasuliwa ngiri. Mke wangu akakataa. Akawaambia, "Baba yenu anapasuliwa maradhi ya kiume. Anayetaka zaidi amuulize mwenyewe." Hakuna aliyeuliza.

Baada ya kupasuliwa maumivu yalikuwepo, sitadanganya. Nilivimba kama tunda la danzi, nikawa natembea kwa kutanua miguu, na kanzu ikawa rafiki yangu. Kidonda kilipopona vizuri nilirudi kwa daktari, akanifundisha kuitafuta pampu kwa vidole. Mara ya kwanza niliogopa hata kuibonyeza.

Ijumaa moja baada ya sala, nyumba ikiwa kimya, nilimwambia mke wangu, "Ngoja kidogo."

"Nshangoja miaka," akasema, "hicho kidogo si kitu."

Sikuwa na hofu tena. Yaliyobaki ni yetu wawili, ila godoro la ukumbini tulimpa jirani.

Siku moja barazani wakawa wanamcheka mwanamume wa mtaa mwengine ambaye mkewe kadai talaka. "Jogoo hawiki!" mmoja akasema, akipiga mapaja.

"Maradhi hayo yanatibika," nikasema. "Mimi nimepasuliwa, nimepona."

Kahawa ikawapoa mikononi. Mmoja akageukia mambo ya mpira, wengine wakamfuata. Lakini tulipoinuka kwenda kuswali, yule aliyecheka kuliko wote akaniandama, akasema kwa sauti ya chini:

"Huko kwa daktari, mtu anakwenda na mkewe?"

"Nenda naye," nikamwambia. "Atauliza ambayo wewe hutathubutu."