Mahali Pasipokuwa na Mtu Chini

Nimechoka, rafiki yangu, sikufichi. Juma zima nilikuwa nikitoka kazini na miguu imevimba, badala ya kwenda nyumbani naingia hoteli za Diani kuulizia bustani na viti. Na yote hayo kwa sababu ya chai. Chai ya alasiri moja tu. Binti yangu alikuwa amemaliza juzuu yake ya kwanza ya Kurani chuoni, na nilipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka nguo wala baiskeli. Alitaka chai pamoja na wenzake wa chuo, "mahali pasipokuwa na mtu chini."

Nilimwelewa hapo hapo, na ikaniuma. Tunakaa Ukunda, nyumba ya kupanga, ghorofani, na mwenye nyumba anaishi chini yetu. Si mtu mbaya. Salamu zake nzuri, na kila Idi hutuletea sahani ya biriani. Lakini mtoto akiruka mara moja tu, mzee huchukua mpini wa ufagio akagonga dari lake, ngo ngo ngo, nasi huku juu tunaganda kama wezi. Basi mwanangu alichokuwa akiomba ni alasiri moja ya kupiga kelele bila kugongewa. Nikamwambia inshallah, na safari hii ilikuwa inshallah ya kweli, si ile ya kumnyamazisha mtoto.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea katikati, na watoto wasilikaribie. Nikauliza, sasa wakae wapi? Wakanionyesha meza mbili kando ya maegesho ya magari. Ya pili ilikuwa na makochi meupe pe, nami nikawaza sahani za mbaazi na vidole vya watoto, nikaaga mwenyewe kabla sijafukuzwa. Ya tatu ilikuwa na uwanja wa majani mpaka karibu na mchanga wa pwani. Kijana wa mapokezi, mtu wa bara, mcheshi, akaniambia, "Madam, hapa wacha wapige kelele mpaka wachoke. Hakuna mtu atawasumbua." Wallahi nilitaka kulia kwa uchovu. Nikakaa kwenye ukingo wa baraza lao nivute pumzi, na kutoka jikoni ikaja harufu ya iliki inayochemka kwenye maziwa. Nikawa niko Mwabungo.

Kwetu Mwabungo hakuna aliyewahi kuhangaika kutafuta mahali pa kunywea chai. Ilikuwa ni kungojea kivuli. Baada ya sala ya alasiri, nyumba ya bibi ilianza kutupa kivuli upande wa baharini, mwanzoni chembamba, cha kumtosha bibi na birika lake. Kikirefuka, mkeka wa pili unatandikwa, kisha wa tatu, na watu wanaongezeka kadiri ya kivuli. Aliyechelewa hakukosa nafasi, alisimama juani kidogo akingoja imfikie.

Siku niliyomaliza juzuu yangu, bibi aliniamsha alfajiri nikakalia mbuzi kukuna nazi mpaka kidole kikachubuka. Sijui nani alisema mwenye sherehe hapaswi kufanya kazi, kwetu huyo hakuwepo. Bibi akakanda unga wa mahamri huku akinung'unika kuwa tui ni jepesi, mbaazi zikichemka taratibu, kaimati zikingoja shira, na moshi wa makuti ukitutoa machozi sote wawili. Mpaka leo nikisikia mtu anauliza kama mahamri ni ya jana au ya leo, hunijia hasira. Mahamri ya bibi hayakuwahi kuiona jana.

Alasiri ilipofika akaja mwalimu wa chuo kwa kanzu safi, bila bakora. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono yake mitupu. Akamimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akaivuta kwa sauti, sisi tukaangua kicheko, naye akacheka! Kumbe ana pengo. Baada ya hapo hakuna aliyetuweza. Tuliingia mlango wa mbele tukatokea wa uani, tukairuka mikeka na wakubwa wakiwa wameikalia, kikombe kikavunjika, bibi akasema tu, "Kheri, shari imeondoka nacho." Bibi hakuogopa kelele. Alichoogopa ni kimya. Tukinyamaza kidogo tu, sauti yake ilitufuata huko tuliko: "Nyinyi watoto! Mbona kimya? Mmevunja nini?" Na mara nyingi tulikuwa tumevunja kweli.

Katika nyumba iliyotazamana na yetu alikuwamo jirani mmoja, mama mtu mzima, mgonjwa wa kulala kitandani. Katikati ya zile mbio, mjukuu wake akaja kusema ametumwa. Sote tukasimama tuli, tukajua basi, tumemuudhi mgonjwa. Mtoto akahema, akasema, "Bibi anasema sogezeni mikeka dirishani. Anasikia mnacheka, lakini hajui mnachekea nini." Tukabeba mikeka, birika, masinia, hata mwalimu akabeba kisosi chake. Yule mama alikunywa chai yake dirishani, akituuliza kila dakika nani kaanguka.

Wote hao wameshatangulia, Allah awarehemu. Kiwanja ami zangu walikiuza, sasa kuna ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake. Nilipita pale mwaka huu nikajaribu kukisia kivuli chetu kingeangukia wapi, nikashindwa. Sikulia, nilikuwa nachelewa kazini.

Basi hoteli ya tatu nikaikubali. Siku yenyewe watoto wakaja wamependeza, wavulana kwa kanzu, wasichana kwa vibuibui vyao, wengi wao ni watoto wa nyumba za kupanga kama yetu. Chai ilikuwa nzuri, nisiwadhulumu watu. Uwanja wote ulikuwa wetu. Watoto wakakaa kwenye viti, magoti pamoja, wakanong'onezana. Mmoja aliangusha kijiko, wote wakashtuka wakamtazama. Nikawaambia, "Haya, nendeni mkacheze!" Wakainuka, wakasimama pamoja kwenye majani, wakazungumza kwa sauti ya chini. Binti yangu akajaribu kuwaongoza. Alikimbia, ndiyo, lakini kwa ncha za vidole, hatua fupi fupi, hakusikika hata kidogo.

Nikamfuata nikamwinamia. "Mwanangu, hapa hakuna mtu chini. Ni mchanga tu. Kanyaga!"

"Najua, mama," akaniambia, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Miguu ndiyo haijui."

Rafiki yangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu siku ile isipokuwa jibu hilo. Miaka yote nilidhani tulichopoteza ni nyumba, na kiwanja, na wale wazee, na hao nimekwisha kuwalilia. Nikasema hapana, siwezi kuliacha jambo hili hivi. Mtoto akimaliza juzuu hupigiwa vigelegele, na mama yake yuko hapa hai. Nikanyoosha mgongo, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa.

Kikatoka kigelegele kidogo, cha chini, cha mtu anayesikiliza kama atagongewa. Watoto wenyewe wala hawakugeuka.