Maji ya Vyumba Vitupu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi bomba. Mtaani wanamwita Mabomba, na jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye anakaribia kulisahau. Maisha yake yote amelala chali chini ya masinki ya watu. Mwisho akasema naye anataka mabafu yake, yamlishe uzeeni.

Siku hizo viwanja vya karibu na chuo viligombaniwa kama vitu vya bure. Ukikohoa tu, bei imepanda. Akakopa benki, akaweka rehani nyumba wanayoishi, akajenga vyumba vinane vya kupangisha wanafunzi, kila kimoja na bafu lake. Nilimwambia, "Shemeji, wanafunzi ni ndege hao. Wakiruka je?"

"Mdomo wako ungekuwa unapangishwa, shemeji, tungekuwa matajiri," akanijibu. Tukacheka wote.

Chuo kikahamishwa. Nani angekuja kumuomba Mabomba ruhusa? Wapangaji wakaondoka na magodoro yao, mtaa ukabaki vibao: INAPANGISHWA, kisha INAUZWA. Huyu akishusha bei, jirani anashusha zaidi, na wanunuzi wamekaa pembeni wanangoja ishuke tena.

Tangu hapo, kila asubuhi, kabla ya kwenda kutafuta kibarua, shemeji alipita kwenye vyumba vyake na ndoo, akimwaga maji kwenye kila sinki na kila tundu la bafu.

"Nyumba isiyo na mtu," alinieleza, "maji yanayokaa kwenye kona ya bomba kuzuia hewa chafu hukauka, harufu ya choo ikapanda. Mnunuzi akiinusa, kwaheri."

Dada alimwambia, "Baba watoto, uza, benki watatutoa mpaka hapa tunapolala."

"Kwa bei hizi? Hiyo bei ya mabati!"

"Basi uza mabati," nikadakia. Siku hiyo hakucheka mtu.

Hatimaye dalali akaleta mnunuzi, mama mmoja mwenye viatu vya kuchongoka. Nilikuwepo. Alifungua bomba moja moja, akainusa hewa. "Nyumba zote nilizoingia leo zinanuka. Hii hainuki."

Shemeji akavimba kama unga uliotiwa hamira. Mama akataja bei. Ilitosha kufuta deni la benki, basi. Jasho la mtu halikuwemo. Shemeji akanywea. "Nipe mpaka kesho, mama."

Jioni dada hakugombana naye. Alikaa tu kitandani, akaushika ukuta wa chumba chao kwa kiganja, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Asubuhi shemeji akampigia dalali. "Mwambie mama nimekubali."

"Ah, fundi! Yule jirani yako wa geti la kijani alishusha jana ile ile. Mama ameshalipa."

"Lakini kwake kunanuka!"

"Fundi, harufu si ndoo moja ya maji tu?"

Aliishusha simu, akabaki anaitazama. Mimi ambaye huwa sikosi la kusema nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Wiki hii watu wa benki wamepiga rangi nyekundu kwenye kuta mbili: wa vile vyumba na wa nyumba yao. MNADA. Dada anafunga masufuria kwenye maboksi na hataki kusaidiwa. Jana asubuhi nilimkuta shemeji kwenye vile vyumba, ameinama juu ya ndoo, mkono kiunoni.

"Shemeji, nibebee. Mgongo umegoma."

Ulimi ulinicheza. Nilitaka kumuuliza hayo maji anamwekea nani, huyo atakayeinunua nyumba kwa bei ya kutupa, hata salamu asimpe? Nikamtazama usoni, nikaibeba ndoo.

Tukaanza na chumba cha kwanza. Alimwaga polepole, akainama kusikiliza maji yakitulia chini, akafunga mlango kwa ufunguo. Tukaenda cha pili.