Majani Niliyompa Rafiki wa Bibokoboko

Majani ya maji anayoanza nayo mfuga samaki ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu hayafi. Nilijifunza hilo katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, muda mfupi kabla ya vita vya kwanza, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye kujua kila kitu. Nilitengeneza akwariamu kwa vioo vya dirisha, nikaiweka sebuleni. Mke wangu akasema nimeleta ziwa ndani wakati ziwa lenyewe tunalisikia kutoka jikoni.

Niliweka samaki wadogo wa kwenye mawe na shada la majani niliyochota ufukweni Lweba. Majani yale hayana mizizi. Yanaelea tu, na kila kipande kinachokatika kinakuwa mmea mpya. Baada ya wiki tatu yalikuwa yamejaa, sikuwaona samaki tena. Asubuhi moja nikawakuta juu kabisa, midomo wazi, wanatafuta hewa, na wengine walikuwa wamekufa. Tangu hapo kila Jumamosi nilitoa nusu nzima ya majani kwa mikono, polepole, nikiokota hata vipande vidogo kama ukucha. Niliyoyatoa nilipaswa kuyaanika juani yakauke. Badala yake niliyagawa, nikajiona mkarimu.

Nilikuwa na rafiki aliyeshuka kila wiki na maziwa kutoka Bibokoboko, kule milimani. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na kwao samaki si chakula cha kujivunia. Yeye akachimba kidimbwi nyuma ya nyumba, akaweka samaki ili watoto wapate kitoweo. Shemeji zake walimcheka: mtu wa ng'ombe anachunga samaki! Alinisimulia hayo kwa mzaha, lakini niliona yanamuuma. Akaniuliza aweke nini ili kidimbwi kipendeze. Mimi, mtoto wa ziwa, nikamjazia ndoo.

Sikumwambia habari ya kupunguza. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Nilitaka majani yatoke nyumbani kwangu, na kama ningemweleza angeyakataa.

Miezi miwili baadaye alikuja siku isiyo ya maziwa. Nilimwona dirishani, nikajua kilichomleta. Nikaingia chumbani na kumwashiria mke wangu aseme sipo.

“Mama, mwalimu iko?”

“Haiko. Alienda Lweba.”

“Samaki banakufa. Majani imefunika maji yote, hata wavu haipite. Bashemeji banakuja kila siku kuangalia na kucheka. Umwambie anifundishe tu namna ya kuitoa.”

Hapo nikakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo cha vumbi, lakini kati yetu kulikuwa na pazia tu. Alilitazama pazia, akamshukuru mke wangu, akaondoka. Mke wangu hakunisemesha mpaka jioni, na alikuwa na haki.

Ningeweza kumfuata. Maelezo yenyewe ni ya dakika tano: anza pembeni, vuta shada zima, usikate, zuia vipande kwa kapu, rudia wiki inayofuata. Nilipanga kwenda Jumamosi, halafu Jumamosi nyingine. Niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa mvivu kama mimi. Rafiki yangu akaanza kupeleka maziwa yake kwa wengine. Kisha vita vikaja. Watu wa ziwa na watu wa milima tukafundishwa kuogopana, na njia ya kupanda kule ikafungwa.

Vita vya pili vilipolegea, msichana mmoja alinisimamisha sokoni Baraka. Alikuwa binti wa rafiki yangu. Alinisalimia kwa heshima zote, nami nikamuuliza habari za baba.

“Baba alikufa siku ya kwanza ya vita,” alisema. “Alikuwa huku chini na maziwa. Mwenzake alimwambia bakimbilie kwako, nyumba yako ilikuwa karibu. Baba alikataa. Alisema kwa mwalimu hakuna mutu wa kufungua. Bakashika njia ya mulima. Ni mwenzake tu alifika.”

Hakusema kwa hasira. Alinieleza tu, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza. Ningewafungulia? Najiambia ndiyo, ingawa mtu aliyejificha kwa sababu ya majani hana haki ya kujiamini sana. Nilitaka kumwomba msamaha, nikashindwa kuanza, akaniaga akaenda zake.

Siku ile ya kwanza ya vita nilikuwa nyumbani tangu asubuhi, na mlango ulikuwa umerudishwa tu, bila komeo.