Mabidoni ya Tahira

Tahira alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na taa nyeupe, zile ndefu zinazofungwa darini na kumfanya kila aliye chini yake aonekane mgonjwa. Kazi yake ni kutengeneza taa za wavuvi pale bandarini Rumonge. Anaunga nyaya, anabadili balbu, anakunja bati linalosukuma mwanga majini ili ndagala, wale samaki wadogo, wausogelee. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo imemfundisha kwamba mwanga haumwagwi tu kama maji ya kuogea. Unaambiwa uende wapi.

Kwa hiyo mtaa ulipomaliza ukumbi wake wa harusi, wenye vidirisha vya ghala kwa kuogopa wezi, na kamati ikafunga taa nyeupe sita, Tahira aliumia kweli. Aliwaambia kwamba bibi harusi atakaa mle na rangi ya maiti. Kamati ilicheka. Amissi, mwenyekiti, akamwambia kama ana taa nzuri zaidi azilete.

Akazileta. Alikusanya mabidoni, yale madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, thelathini na mawili, akayakata chini, akayatoboa kwa msumari wa moto maua yaleyale ya piko yanayochorwa mikononi mwa maharusi. Vidole vilimuungua mwezi mzima. Balbu hakuwa nazo, lakini alijua pa kuzipata. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linakuwa jeupe, ndagala hawafuati taa, na mitumbwi inalala ufukweni siku nane, tisa. Alimwendea Jafari, mvuvi ambaye yeye humtengenezea taa tangu zamani, na wenzake. Wakamwazima balbu na betri zao kwa sharti moja tu, kwamba mwezi ukipungua zirudi.

Siku ya kujaribu, mchana, alifunga milango na kuwasha. Maua yakaanguka sakafuni, ukutani, mpaka kwenye kanzu ya Amissi. Mwenyekiti yule, ambaye hata chakula cha harusi hukitafutia kasoro, aliikunjua kanzu yake ili ua limkae vizuri.

“Mama Tahira,” akasema, “mugeni akiona hii, kwisha.”

Mgeni ni Rachid, mzaliwa wa mtaa aliyetajirikia Bujumbura. Angekuja Jumamosi kufungua ukumbi, aone, aombwe balbu za kudumu, na zile nyeupe zing'olewe. Tahira hakutaka kingine. Alitaka kazi yake ionwe mara moja na mtu mwenye uwezo wa kuibakiza pale.

Ijumaa ikaja habari kwamba Rachid amekosa mafuta ya gari. Sherehe imesogezwa wiki moja.

Tahira alihesabu siku kwa vidole: wiki hiyo ikiisha mwezi utakuwa umeshapungua. Alimfuata Amissi, akamweleza habari ya mwezi na wavuvi, akamsihi wafungue bila mgeni au kamati inunue balbu japo kumi. Amissi akajibu kwamba mgeni hapangiwi, na balbu atanunua mgeni mwenyewe akishaziona hizo taa. Ataziona vipi zisipokuwapo? Swali hilo Tahira aliliuliza mara tatu, na mara tatu akaambiwa awe na subira.

Alhamisi Jafari alifika na wenzake, wapole kabisa.

“Dada Tahira, mwezi umekwisha. Leo tunaingia ziwani.”

Aliwaomba siku mbili tu. Jafari akatazama chini, akasema watoto wamekula mboga ya lengalenga tupu siku tisa. Basi. Tahira alipanda ngazi, akazifungua balbu mwenyewe, moja moja, kwa kuogopa wasije wakayapasua mabidoni. Hasira ilimjaa, na hakuwa na wa kumkasirikia kati ya wale waliosimama chini.

Jumamosi taa nyeupe sita ziliwashwa, na mabidoni yakaning'inia chini yake bila maana. Rachid aliingia, akakaa, akainua macho. Akauliza yale ni ya nini.

Tahira aliinuka kutoka safu ya wanawake. Amissi, kwa aibu ya kuonyesha taa zisizowaka, akamuwahi.

“Ni ya kukinga maji, patroni. Bati iko inavuja.”

Rachid akatikisa kichwa kwa huruma na kuahidi mabati hamsini papo hapo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Tahira alisema kwa sauti kwamba zile ni taa, akasema tena, hakuna aliyesikia.

Jumatatu alikwenda na ngazi ili ayashushe. Amissi alimkimbilia, ndala mkononi.

“Usishushe, mama. Wacha yakae paka bati zifike. Iko mutu wa patroni atakuja kupiga foto.”

“Hayana chini, Amissi. Na yana matundu mwili muzima. Maji gani itakaa humo?”

Amissi akainua macho, akayatazama kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

“Patroni hakuona,” akasema. “Nyamaza tu.”

Hilo ndilo lililomchoma kuliko uongo wenyewe. Mtu alikaa saa mbili chini ya maua ya mabidoni thelathini na mawili, akaona ndoo. Tahira alipanda, akashusha moja tu, lile la katikati lenye maua mazuri kuliko yote, akaondoka nalo kwapani. Thelathini na moja yako pale mpaka leo, yanakinga maji ya paa lisilovuja.