Mkoba wa Bunduki ya Ghulam

Jamaldin wa mtaa wa Kuze alikuwa fundi wa kushona ngozi, na mimi, shemeji yake, sijaona mtu aliyejua kuchukia kama yeye. Wengine wakichukia hupiga kelele siku tatu, kisha utawaona barazani wanakunywa kahawa na adui. Yeye chuki yake aliitunza miaka mitatu.

Aliyechukiwa ni Ghulam, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makadara. Jamaldin alimshonea viti vya motokaa, na mkoba wa bunduki aliyoiweka kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakimharibia shamba. Ghulam akapakia mabati juu ya kiti, ngozi ikachanika, naye badala ya kuona haya akaliegesha gari karibu na msikiti siku ya Ijumaa, milango wazi, kila atokaye aone. "Mishono ya Jamaldin hufumuka," akawaambia watu. Wateja wakahama mmoja mmoja. Dada yangu Tumu, mkewe Jamaldin, ambaye ndiye aliyemsokotea uzi na kuupaka nta, akawa anasokota uzi usio na kazi.

Mwaka wa 1947 Ghulam alisimamishwa na askari pale Makupa, akielekea shambani. Kibali chake kilimruhusu kuchukua bunduki garini kwa sharti moja: iwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa ukanda na bizimu, isiweze kuchomolewa mara moja. Askari akadai kwamba aliuvuta ukanda kidogo tu, ukang'oka. Ghulam akasema si kweli, askari alishindwa na bizimu, akaikata mishono ya ukanda kwa kisu. Wawili hao walikuwa peke yao, kwa hiyo wakili wa Ghulam akamwita mahakamani fundi aliyeushona mkoba.

Hebu fikiri. Mtu aliyekuharibia jina sasa anakuhitaji uape mbele ya hakimu kwamba kazi yako ni madhubuti. Nilidhani Mungu amemletea Jamaldin haki yake mkononi: ataisifu mishono yake, mji mzima utasikia, na Ghulam ataadhirika. Nilifurahi mpaka nikavaa kanzu ya Idi.

Jamaldin alitia udhu, akashika Msahafu, akaapa. Akapewa mkoba. Mimi na Tumu tulikaa karibu, tukaziona ncha za uzi. Uzi uliokatika kwa kuvutwa hutoa manyuzinyuzi. Hizi zilikuwa sawasawa, safi. Ni kisu. Tumu alinifinya mkono. Jamaldin akapitisha kidole gumba juu ya ncha zile, polepole, kisha akamtazama Ghulam, naye Ghulam alikuwa akimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa.

"Mishono yangu hufumuka," Jamaldin akasema.

Mkalimani akasita.

"Mwambie hakimu vivyo hivyo. Na kama hasadiki, namuulize Bwana Ghulam. Ndiye alowambia watu."

Ghulam alipewa miezi sita katika gereza la Ngome, na bunduki ikachukuliwa. Alipopitishwa na pingu Jamaldin alicheka waziwazi. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, maana ilikuwa tamu.

Tulirudi Kuze kwa miguu. Njia nzima Jamaldin alikuwa akisema hajali walimwengu watasema nini, jina lake limeshaharibiwa zamani, lakini mbaya wake amelala ndani. Tulipofika nyumbani Tumu alivua buibui, akaenda penye kapu lake, akatoa donge la nta na uzi wote aliokuwa ameusokota, akavitia mekoni. Moto ukaruka.

"Wafanyani?" Jamaldin akauliza.

"Umeapa kwa Msahafu kuwa uzi wafumuka," Tumu akasema. "Uzi ule ni wangu. Hakuna mwanamke hapa Kuze asiyejua ni nani akusokoteaye."

Jamaldin alisimama pale mlangoni, viatu mkononi, akiutazama uzi ukiungua.